Somo Lisilohesabiwa

Uamuzi wa kwanza mzito ambao kijana wa sekondari nchini Tanzania huuandika kwa mkono wake mwenyewe huchukua dakika chache tu. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yameshatoka, mwalimu wa taaluma anapita darasani na karatasi, na kila mwanafunzi anaorodhesha masomo atakayoendelea nayo hadi mtihani wa kidato cha nne. Sayansi, biashara au sanaa. Fizikia abaki nayo au aiache. Na kwa wengi upo mstari mmoja zaidi unaowaweka njia panda: Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia. Ni masomo yenye namba zake kamili katika orodha ya Baraza la Mitihani la Tanzania, 015 na 014, lakini si kila shule yenye mwalimu wa kuyafundisha.

Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta maamuzi mengine mapema zaidi, kwani anayeingia kidato cha kwanza sasa anakuta mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Swali la dini limebaki palepale. Mzazi mmoja anamwambia mwanawe aliache somo hilo kwa sababu halimpeleki popote. Mwingine anamwambia asithubutu kuliacha, kwa kuwa mtihani wenyewe hasa uko akhera. Wote wawili wanasema jambo zito. Wote wawili pia wamefunga pamoja vitu viwili vinavyostahili kutenganishwa: kusoma dini, na kuifanyia mtihani.

Anayeliandika somo hilo katika shule isiyo na mwalimu wake hulitafuta nje. Jumamosi baada ya adhuhuri, au Jumapili baada ya misa ya pili, kundi dogo la vijana hukaa kwenye baraza la msikiti au katika ukumbi wa parokia. Ubao umeegemezwa nguzoni. Anayefundisha ni ustadhi au katekista ambaye siku za kazi ana shughuli nyingine inayomlisha. Madaftari yenyewe yanaeleza hali ilivyo: kaunta buku moja, mbele Kemia, na ukiligeuza, kuanzia nyuma, somo la dini. Mwaka ukisonga, kurasa za pande mbili zinasogeleana mpaka zinakutana katikati.

Kazi kubwa ya kikao hicho ni kupitia mitihani ya miaka iliyopita, swali baada ya swali, na hapo hutokea jambo ambalo mwalimu yeyote wa shule ya kata angefurahi kuliona. Mtihani wa 015 huandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi ambaye wiki nzima amekaa kimya kwa sababu hawezi kueleza usanisinuru kwa Kiingereza, hapa anabishana. Anatoa hoja, mwenzake anaipinga, ustadhi anamtaka ailete dalili, naye anairekebisha sentensi yake mara mbili kabla hajaiandika. Anajikuta anafikiri kwa sauti, kwa lugha anayoimudu, juu ya nia, haki, mirathi, dhamana ya mtu kwa jirani yake. Zipo shule ambazo mwanafunzi hukaa miaka minne bila kupata saa moja ya namna hiyo.

Alama ikipatikana huandikwa kwenye cheti sawa na alama ya Jiografia. Kisha kijana anatafuta chuo, anakutana na sharti fupi katika mwongozo wa udahili wa NACTVET, chombo kinachosimamia vyuo vya kati: ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, yasiyo ya dini. Anayetaka utabibu au uuguzi anadaiwa Kemia na Baiolojia, na B ya dini haimsaidii hapo. Upande wa kidato cha tano upepo umebadilika kidogo. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza tahasusi 65, ilizigawa katika makundi saba, na moja kati ya hayo ni la elimu ya dini. Kenya wamefuata njia nyingine tangu zamani. Katika mtihani wao wa KCSE, elimu ya dini, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, imewekwa kundi moja na Historia na Jiografia, na huhesabiwa kama hizo.

Ukivuka mpaka wa Namanga, basi, somo lile lile linapanda au kushuka thamani, kama thamani maana yake ni kuhesabiwa. Sura ile ile ya Qur'ani, au Waraka ule ule kwa Warumi, ungekuwa na uzito Nairobi na kuupoteza Arusha. Hakuna muumini atakayelikubali hilo. Wala hakuna mzazi mwenye ada ya kulipa anayeweza kusema hajali mwanawe ataingia chuo gani. Kati ya mambo hayo mawili ndipo swali linapokaa: mtu asome nini pale ambapo jambo analoliona kuwa kubwa kuliko yote halimpi nafasi popote? Na akilisoma kwa ajili ya alama, je, bado amelisoma lile lile?

Wanazuoni wamelihangaikia swali hilo kabla ya kuwapo kwa karatasi za mtihani. Mwaka 1091 Abu Hamid al-Ghazali, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, aliteuliwa kufundisha katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, nafasi ambayo wasomi wa zama zake waliiota. Miaka minne baadaye aliiacha. Katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake, anaeleza kwamba aliipima nia yake ya kufundisha akakuta haikuwa safi kwa ajili ya Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni cheo na sifa. Alivutana na nafsi yake kwa karibu miezi sita, leo ameamua kuondoka, kesho amebadili mawazo, hadi ulimi ukagoma. Alitaka kuwapa wanafunzi wake somo na neno likawa halitoki. Akaondoka Baghdad 1095, akakaa Damasko na Yerusalemu, akahiji Makka. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, akiamini kwamba zamani alikuwa akieneza elimu ya kutafutia cheo, na sasa anaeneza ile inayomfanya mtu akiache.

Mtu anaweza kudhani kwamba msomi aliyepita katika tanuri hilo angewahimiza vijana wote wakimbilie masomo ya dini. Hakufanya hivyo. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, aligawa elimu katika mafungu ambayo kila mwanafunzi wa madrasa wa pwani ya Afrika Mashariki anayajua. Ipo fardhi ain, ambayo kila mmoja anadaiwa kivyake: kumjua Mungu wake, kujua namna ya kuswali, na kama ni mfanyabiashara, kujua biashara ipi ni halali. Ipo fardhi kifaya, ambayo jamii nzima inadaiwa, na wachache wakiitimiza wote wanasalimika. Humo aliiweka tiba. Humo aliiweka hesabu, kwa sababu bila hesabu hakuna mauziano wala ugawaji wa mirathi. Kisha akatoa lawama kali. Miji mingi, alisema, haina tabibu Mwislamu hata mmoja, na bado watu wanasongamana kwenye fiqhi, hasa upande wake wa mijadala na mabishano. Sababu aliiona wazi: tiba haikumpa mtu ukadhi, wala usimamizi wa wakfu, wala dhamana ya mali za mayatima.

Lawama hiyo inafaa isomwe polepole. Katika zama za al-Ghazali somo la dini ndilo lililofungua milango, na tiba ndiyo iliyoachwa ukiwani. Leo masomo hayo mawili yamebadilishana nafasi, lakini kipimo chake bado kinafanya kazi: usiulize somo lipi lina jina takatifu zaidi, uliza watu wako wamepungukiwa na nini, na wewe umepewa uwezo gani. Binti wa kijiji kimoja cha Pangani au Newala anayeipenda Baiolojia, akaamua kubaki na Fizikia badala ya kuongeza somo la dini kwa kuwa zahanati ya kwao haina waganga wa kutosha, hajaiacha dini. Amebeba deni la kijiji kizima. Na mwenzake aliyeikimbia Fizikia kwa uvivu, akaandika somo la dini kwa kuwa amesikia huko B hupatikana kirahisi, hajafanya ibada yoyote bado. Kazi iko mbele yake kama ilivyo mbele ya wengine.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyaona mambo kwa jicho hilo hilo. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, na humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wajifunze elimu za kisasa bila kuitupa dini yao. Alijua wazazi wenzake walihofia kwamba shule ya serikali ingewapokonya watoto. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, na hakuichezea. Alichokataa ni kuifanya iwe sababu ya kubaki nyuma.

Upande wa Ukristo, fikra iliyokwenda mbali zaidi juu ya masomo ya shule ilitoka kwa mwalimu wa falsafa wa Ufaransa aliyeishi miaka 34 tu, Simone Weil. Akiwa na umri wa miaka 14 alikata tamaa kabisa kwa kujilinganisha na kaka yake André, aliyekuja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Alitoka kwenye giza hilo na imani moja ambayo hakuiacha tena: kwamba mtu yeyote, hata asiye na kipaji, anaweza kuifikia kweli kama anaitamani na akaendelea kuielekezea umakini wake wote. Mwaka 1942 aliandika insha kwa ajili ya Padre Joseph-Marie Perrin, juu ya masomo ya shule na mapenzi kwa Mungu. Hoja yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuitekeleza. Sala ni umakini. Kila somo, hata lisilo na uhusiano wowote na dini, ni mazoezi ya umakini. Kwa hiyo kijana aliyehangaika saa nzima na swali la jiometria, akashindwa kulipata, hakupoteza saa hiyo. Kitu kimekua ndani yake ambacho siku moja kitamfaa anapoomba, au anapokaa mbele ya mtu mwenye mateso na kumsikiliza kweli kweli.

Weil aliweka masharti mawili. La kwanza, mwanafunzi afanye kazi yake bila kuwaza alama wala kufaulu mtihani, akilenga tu kulifanya lile swali sawasawa. La pili, arudi kwenye zoezi alilokosea na kulitazama kosa lake kwa utulivu, bila kulificha na bila kujitetea, mpaka aone lilianzia wapi. Yeyote aliyewahi kurudishiwa karatasi ya Hisabati yenye alama nyekundu akaikunja haraka na kuitia mfukoni anajua sharti la pili linadai nini. Hisabati huangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne kila mwaka. Kwa kipimo cha Weil, karatasi iliyokunjwa ni nafasi ya unyenyekevu iliyotupwa, na hilo ni jambo la kiroho kabla halijawa la kitaaluma.

Kwa njia mbili tofauti, basi, Mwislamu wa karne ya 11 na mwanamke wa karne ya 20 aliyebaki nje ya ubatizo kwa hiari yake karibu maisha yake yote wanafika mahali pamoja. Utakatifu wa kusoma haukai katika jina la somo. Unakaa katika nia ya msomaji na namna anavyolikabili lililo mbele yake. Hili likikubaliwa, karatasi ya kidato cha pili inapungua uzito wake wa kutisha. Mwanafunzi hachagui kati ya Mungu na Fizikia. Anachagua masomo ambayo serikali itampima nayo, na bado ana wiki nzima, na maisha mazima, ya kusoma mengine.

Watu waliosoma hivyo si wa kufikirika. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, ameacha maelezo ya namna alivyosoma. Akiwa na miaka kumi alikuwa ameshahifadhi Qur'ani. Hesabu za Kihindi alipelekwa akajifunze kwa muuza mboga. Fiqhi aliifuata kwa mwalimu wake, tiba akaisoma vitabuni mwenyewe. Swali la mantiki likimshinda, alikwenda msikitini akaswali na kuomba afunguliwe. Kitabu cha Aristotle cha metafizikia alikisoma mara arobaini, akakihifadhi, na bado hakukielewa, akakata tamaa nacho. Siku moja katika soko la vitabu dalali alimbembeleza anunue kitabu kwa dirhamu tatu kwa kuwa mwenye kitabu alikuwa na shida ya pesa. Kilikuwa ufafanuzi wa al-Farabi juu ya kitabu kile kile. Alirudi nyumbani akakisoma mara moja, kila kitu kikafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kwa shukrani. Hakuna aliyekuwa akimsubiri na karatasi ya maswali.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Kambarage Nyerere, alianza shule ya Mwisenge, Musoma, ambayo ilikuwa ya serikali. Dini ya Kikatoliki haikumfikia kama somo la darasani humo. Yeye na rafiki yake Mang'ombe Marwa waliifuata wenyewe misheni ya Nyegina, kwa Mapadre Weupe. Aliendelea na safari hiyo ya kujifunza akiwa shule ya Tabora, na alibatizwa Desemba 1943, akiwa mtu mzima wa miaka 21, akachukua jina la Julius. Makerere alisomea ualimu. Aliporudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's, masomo aliyopewa yalikuwa Historia na Baiolojia. Somo aliloanza kulitafuta nje ya ratiba halikumwacha hata hivyo: mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake, zilichapishwa tenzi alizozitunga kutoka Injili.

Upande wa pili wa maji, Unguja, Abdulla Saleh Farsy aliyezaliwa 1912 alipitia shule ya serikali na mafunzo ya ualimu, akawa mwalimu katika shule hizo hizo. Elimu iliyomfanya ajulikane hakuipata hapo. Aliipata kwenye darsa za masheikh wa mjini, misikitini na majumbani, saa ambazo kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu, tafsiri yake ya Kiswahili ambayo mpaka leo iko kwenye rafu za nyumba nyingi kuanzia Lamu hadi Maputo.

Mifano hii haithibitishi kwamba kila anayesoma nje ya shule atakuwa Nyerere au Farsy. Inaonyesha jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi kwa kijana wa kawaida: kwamba kutohesabiwa hakulifanyi somo liwe la mchezo. Mwanzo wa safari zote mbili ni mtu aliyetaka kujua, na mtu mzima aliyekubali kumfundisha.

Yapo mapingamizi, na la kwanza linatoka kwa walimu wa dini wenyewe. Wanasema, bila mtihani watoto hawasomi. Kijana ana Civics, ana Kemia, ana kazi za nyumbani. Mnyime alama ya dini na Jumamosi utamkuta uwanjani. Tena somo lenye namba katika orodha ya taifa lina heshima, na mwalimu wake anaweza kumwomba mkuu wa shule chumba na vipindi. Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Mtihani unamlazimisha mwanafunzi kupanga mawazo, kutofautisha alichosikia mtaani na kilichomo kitabuni, kuandika jibu ambalo mtu asiyemjua atalielewa. Dini isiyowahi kudaiwa maelezo huishia kuwa minong'ono na mazoea, na mazoea huchukuliwa kirahisi na mhubiri wa kwanza mwenye sauti kubwa.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: imani haipimiki, kwa hiyo kuitungia mtihani ni kuishusha. Bibi aliyeswali miaka hamsini bila kukosa angeweza kupata F, na kijana asiyeamini lolote akapata A. Ni kweli, na hakuna kosa hapo, alimradi kila mtu anakumbuka kinachopimwa. Mtihani wa Fizikia haumpimi mtu kama ni jasiri wa kupanda nguzo ya umeme. Mtihani wa dini unapima kama mtahiniwa anayafahamu maandiko, historia na hoja za dini hiyo. Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alisema wazi kwamba mitihani hupima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa yanapotakiwa ndani ya muda uliowekwa, na kwamba haipimi tabia ya mtu wala utayari wake wa kutumikia. Alikuwa anazungumzia masomo yote. Ubaya unaanzia pale shule, mzazi au mtoto anapodhani kwamba A ya dini ni ushahidi wa uchaji, au kwamba kulikosa somo hilo kwenye cheti ni upungufu wa imani.

Pingamizi la tatu ni la haki, nalo ndilo linalouma zaidi. Kusoma nje ya shule kunataka muda, nauli na ruhusa. Mvulana anaruhusiwa kutoka Jumamosi mchana; dada yake ana maji ya kuchota, wadogo wa kuangalia na chakula cha jioni kinamsubiri. Mwanafunzi wa bweni katika mji ambao watu wa dini yake ni wachache hana baraza la kwenda kukaa. Na mtoto wa imani isiyo na namba katika orodha ya mitihani, Mhindu wa Mwanza kwa mfano, hana hata mstari wa kuandika, wakati mwenzake wa Kisumu anaweza kufanya mtihani wa dini yake. Inapotajwa kwamba dini ni jambo la hiari, inafaa kuulizwa hiari hiyo inamfikia nani.

Mtu akiyaweka mambo haya yote mezani, ushauri kwa mwanafunzi wa kidato cha pili unaanza kuonekana. Masomo ya mtihani ayachague kwa kuangalia uwezo wake, kazi anayoitamani na mapungufu ya watu wake, na asione aibu kama hesabu hiyo inamwelekeza kwenye maabara au kwenye biashara. Kama somo la dini linaingia katika hesabu hiyo, kwa sababu analipenda, analimudu, au anataka kuendelea nalo katika tahasusi za kidato cha tano, aliandike na alisome kwa ukali ule ule anaousomea Kemia. Kama haliingii, alisome hivyo hivyo, nje, bila namba. Fardhi ain haina tarehe ya usajili. Na yule anayelifanyia mtihani ajiulize swali ambalo al-Ghazali alijiuliza akiwa kileleni pa kazi yake: je, kama wangetangaza kesho kwamba alama hii imefutwa, Jumamosi ijayo ningekwenda?

Kwa wakubwa mambo ni ya vitendo zaidi, na mengi hayahitaji sheria mpya. Mkuu wa shule anaweza kumsajili mwanafunzi anayefundishwa nje na kumpa chumba cha darasa saa ambazo kimekaa kitupu. Mwalimu wa taaluma anaweza kueleza, kabla karatasi haijapita, kwamba vyuo vya kati vinadai masomo manne yasiyo ya dini, ili mtoto asijue hilo akiwa ameshamaliza. Wazazi wanaweza kugawa kazi za nyumbani upya ili binti naye apate saa zake mbili. Waumini wa dini yenye watu wengi mahali fulani wanaweza kumfungulia mlango mtoto wa dini yenye watu wachache, wakamtafutia mtu wa kumfundisha.

Linabaki suala la anayefundisha. Ustadhi na katekista wa Jumamosi wanafundisha kwa kujitolea, wengi wao kwa fedha zao wenyewe za nauli, chaki na kurudufu mitihani ya nyuma. Wanapochoka au kuhama, kikao kinakufa, na vijana walioandika somo hilo wanaingia chumba cha mtihani na nusu ya mada. Kamati za misikiti na mabaraza ya parokia huchangisha saruji, mabati na vipaza sauti kila mwaka, na watu hutoa. Katika vikao vile vile vya mapato na matumizi inawezekana kuongezwa mstari mmoja, wenye kiasi kilichoandikwa na jina la mtu wa kukikabidhi kila mwezi, kwa ajili ya mwalimu huyo.